Barua ya wazi kwa wenye Tamasha la Jazz la Newport: tufungulieni mkanda mzima

Kwa wakurugenzi wa Tamasha la Jazz la Newport, Rhode Island, Marekani, na kwa yeyote aliyeshika funguo za makabati yenye picha zake.

Waheshimiwa, salaam.

Nawaandikia kwa Kiswahili makusudi. Wa kuwatafsiria hamkosi, na wasomaji wangu wana haki ya kujua nimewaambia nini. Isitoshe lugha hii si mgeni kabisa katika habari zenu. Nitafika huko.

Kwa miaka mingi riziki yangu ilitoka kwenye kusafisha picha. Nazungumzia picha za filamu, za dawa na maji, za kusimama gizani chini ya taa nyekundu huku ukisubiri sura ya mtu ijitokeze kwenye karatasi nyeupe, kwanza nywele na macho, halafu shati. Anayeitazama picha ikiwa tayari imening'inizwa ukutani hawezi kujua tunachokijua sisi wa chumba cha giza: kila picha ina ndugu zake. Mkanda mmoja wa milimita 35 hubeba fremu 36. Kabla ya kukuza yoyote, unakata mkanda vipande vipande, unavilaza juu ya karatasi moja, unawasha taa kwa sekunde chache, na unapata picha ndogo ndogo 36 zimepangana kama stempu. Mpiga picha anaikagua karatasi hiyo kwa kioo, anachukua kalamu nyekundu, anazungushia moja. Hiyo moja ndiyo inayokuzwa, inayouzwa, inayoingia gazetini, na baada ya miaka hamsini inaitwa historia. Zile 35 zinarudi kwenye bahasha.

Ninalowaomba ni bahasha hizo.

Najua historia yenu mnapenda kuisimulia kwa picha, na mna kila sababu. Tamasha lenu lilizaliwa mwaka 1954, na mwaka huohuo kampuni ya Kodak ilianza kuuza filamu ya Tri-X ya milimita 35, filamu iliyomwezesha mtu mwenye kamera ndogo kupiga jioni bila kumulika flashi usoni mwa mwanamuziki. Muziki wenu wa uwanjani na filamu ile vilikuja duniani kama mapacha. Kabla ya hapo jazz tuliyokuwa tukiiona kwenye picha ilikuwa ya vilabu vya usiku, moshi wa sigara, ukuta mweusi na mwanga mmoja wa pembeni. Ninyi mkaitoa nje. Ghafla tukamwona mpiga tarumbeta akikunja uso kwa jua, na watu waliovaa miwani myeusi wamekaa kwenye viti vya kukunja, na upepo wa bahari ukipeperusha karatasi za noti.

Lakini ukizifuatilia picha hizo kwa muda unaanza kuona kwamba ni zilezile. Billie Holiday jukwaani. Duke Ellington akinyoosha mkono kwa umati. Anita O'Day mchana wa 1958, na kofia yake kubwa yenye manyoya meupe. Louis Armstrong na leso. Miles Davis. Ukishamaliza kumi na mbili hivi unarudi mwanzo. Tamasha la miaka zaidi ya sabini linasimuliwa kwa fremu zinazotosha kwenye meza ya kahawa.

Chukueni usiku wa tarehe 7 Julai 1956, ambao nyote mnaujua kwa moyo. Bendi ya Ellington ilipanda kucheza sehemu yake kuu karibu saa sita usiku, baadhi ya watu wakiwa tayari wanatafuta magari yao. Katikati ya kipande kimoja cha zamani, Paul Gonsalves akasimama na saksafoni ya tena, akapiga mizunguko 27 mfululizo. Mwanamke mmoja wa nywele za dhahabu, aliyevaa nguo nyeusi, akaanza kucheza peke yake kwenye eneo la viti vya wenye nazo. Umati ukamfuata. Baada ya usiku ule Ellington, ambaye wengi walishamhesabu kuwa wa zama zilizopita, akarudi juu. Agosti ileile uso wake ukawa kwenye jalada la jarida la Time.

Picha za usiku ule ninazokutana nazo ni tatu: Gonsalves amefumba macho, mwanamke anacheza, Duke anacheka. Zote nzuri, sina ubishi. Sasa nataka niwaulize kuhusu mtu ambaye hayumo katika hizo tatu. Pembeni ya jukwaa, chini kidogo, palikuwa na Jo Jones, mpiga dramu aliyekuwa nguzo ya bendi ya Count Basie miaka ya nyuma. Usiku ule hakuwa kwenye bendi ya Ellington. Dramu zilikuwa kwa Sam Woodyard na besi kwa Jimmy Woode. Jones alikuwa na gazeti lililoviringishwa, na waliokuwapo wanasema alikuwa akilipiga kwa mapigo huku akiwachochea Woodyard na Woode wasilegeze. Mimi naamini gazeti lile lilifanya kazi kubwa kuliko mwanamke yule, ingawa najua picha ya mzee na gazeti haiuzi kama picha ya mwanamke na nguo nyeusi. Basi katika mikanda iliyopigwa usiku ule, mnayo fremu ya Jo Jones? Na kama ipo, chini yake pameandikwa jina lake, au pameandikwa "mtu asiyejulikana pembeni ya jukwaa"?

Siulizi kwa uchokozi. Upande wa sauti, usiku huohuo umeshatendewa haki. Santuri iliyotoka mwaka 1956 ikauzwa kuliko nyingine yoyote ya Ellington haikuwa ya uwanjani kama watu walivyodhani. Gonsalves alikuwa amepigia maiki isiyo yake, ile ya redio ya Voice of America, kwa hiyo kwenye mashine za kampuni ya santuri alisikika kwa mbali. Sehemu kubwa ikarekodiwa upya studioni siku mbili baadaye, makofi yakabandikwa juu. Watu walisikiliza makofi ya kubandika kwa miaka arobaini. Halafu mkanda wa Voice of America ukapatikana, ukaoanishwa na ule wa kwanza, na mwaka 1999 ikatoka santuri inayotuwezesha kumsikia Gonsalves pale alipokuwa amesimama. Kazi ya uvumilivu mkubwa. Kwa masikio mmetendewa haki hiyo. Kwa macho bado tunatazama makofi ya kubandika.

Kitu kingine ninachokijua kutokana na kazi yangu, na sijivunii: kukata. Bosi wa studio niliyofanyia kazi alikuwa na mkasi wa karatasi wenye mpini mrefu, na mteja akilipa zaidi kidogo tulimkatia mtu asiyetakiwa. Shemeji aliyegombana na familia, tunamkata. Mpishi aliyetokea kwa bahati mbaya nyuma ya bibi harusi, tunamkata. Siku moja nilikata nusu ya bendi ili bwana harusi abaki na mpiga gitaa maarufu peke yao, na mkono wa mpiga tumba ukabaki kwenye picha, mkono mtupu, hauna mwenyewe. Nilipoanza kutazama picha za jazz kwa makini, nilishangaa kuiona mikono hiyo mingi. Shingo ya besi inayoingia kutoka kulia. Sahani ya dramu bila mpigaji. Na maelezo chini yanataja jina moja tu.

Mwaka 1958 mpiga picha wa matangazo, Bert Stern, ambaye hakuwa amefikisha hata miaka thelathini, alikuja Newport na kamera za sinema, na alichokipata, filamu ya Jazz on a Summer's Day, kimewafanya watu wengi duniani waione Newport kwa mara ya kwanza. Namheshimu. Jicho lake kwa umati halina mfano: mtoto na aiskrimu, wapenzi waliolala usingizi, watu wazima wanaocheza juu ya paa. Wasikilizaji wa jazz wamepewa nafasi yao pale kuliko mahali pengine popote. Lakini mwaka ule Miles Davis alikuja na kundi lililokuwa na John Coltrane ndani, na Ellington alikuwepo, na wote hawamo kwenye filamu. Thelonious Monk yumo. Anaanza kupiga kinanda chake kile cha kona kona, na baada ya muda kidogo kamera inamwacha na kwenda kutazama mashua za tanga zinazojiandaa kwa mashindano ya America's Cup. Nilipoiona mara ya kwanza nilidhani nimekosea mkanda. Monk anapiga, sisi tunatazama matanga! Labda matanga ni mazuri. Ningependa kujua mikono yake ilikuwa ikifanya nini.

Julai ileile ya 1958 alipanda jukwaani kwenu mpiga piano mrefu kutoka Brooklyn, Randy Weston, aliyetambulishwa miongoni mwa sura mpya. Aliyeshirikiana naye kutambulishwa alikuwa Lem Winchester, askari polisi wa Wilmington, Delaware, aliyekuwa akipiga vibrafoni akitoka kazini. Askari huyo alifariki Januari 1961 kwa bastola. Nani amewahi kuona picha yake akiwa Newport ikipewa ukurasa mzima? Mimi sijawahi. Ningelipia kuiona.

Weston ndiye anayenirudisha kwenye Kiswahili. Novemba 1960, mjini New York, aliingia studio na bendi kubwa kurekodi kazi aliyoipa jina la "Uhuru Afrika". Maneno yaliandikwa na mshairi Langston Hughes. Mmoja wa wapigaji alikuwa mpiga dramu Max Roach. Na aliyesimama kwenye maiki kuyasoma maneno yale kwa Kiswahili alikuwa Mtanganyika, Tuntemeke Sanga, mwaka mmoja kabla Tanganyika haijapata uhuru wake. Utawala wa Afrika Kusini uliipiga marufuku santuri hiyo. Sisi tuliokulia kwenye muziki wa dansi, tulioziita bendi zetu Western Jazz na Morogoro Jazz na Jamhuri Jazz huku zikipiga rumba na chacha, tuna haki ya kidugu ya kuuliza walioifanya kazi ile walikuwa wapi miezi minne kabla.

Wawili kati yao, Roach na Hughes, walikuwa Newport, na Julai hiyo ya 1960 hawakuwa upande mmoja.

Hapa ndipo ningependa mniazime masikio, maana kama kuna mwaka mmoja ambao mikanda yake ningetaka ifunguliwe kabla ya yote, ni huu. Mpiga besi Charles Mingus na Max Roach walikuwa wamechoshwa. Walilalamika kwamba tamasha limekuwa la kutafuta majina ya kujaza viti, na kwamba mwanamuziki wa jazz hasa analipwa makombo. Wakaenda kwenye hoteli ya Cliff Walk Manor, umbali usio mkubwa kutoka kwenye uwanja wenu wa Freebody Park, wakafanya tamasha lao kwa siku zilezile. Walijenga jukwaa kwa mikono yao. Walikuwepo Ornette Coleman, Coleman Hawkins, Roy Eldridge, Kenny Dorham, Abbey Lincoln. Vijana wa muziki mpya na wazee wa swing chini ya hema moja, jambo ambalo kwenye ratiba yenu rasmi lisingetokea kirahisi. Na alikuwepo Jo Jones. Yule wa gazeti. Miaka minne baada ya kusimama pembeni ya jukwaa lenu akilisukuma lipande mbinguni, sasa alikuwa upande wa pili wa mji, kwa waliowakimbia.

Jumamosi, tarehe 2, tiketi zenu ziliisha. Maelfu ya vijana, wengi wao wanafunzi wa vyuo waliojaa bia, walibaki nje na wakaanza kurusha chupa. Polisi wakatumia mabomu ya machozi na mipira ya maji, na askari wa akiba wa jimbo wakaitwa. Baraza la mji likaamua tamasha lifungwe. Kilichoruhusiwa ni kipindi kimoja cha Jumapili mchana, cha blues, alichokuwamo Muddy Waters na kundi lake. Langston Hughes alikuwepo. Aliposikia kwamba ndiyo mwisho, alichukua fomu ya simu ya maandishi akaandika juu yake maneno ya wimbo wa kuiaga Newport, akampa Otis Spann, mpiga piano wa Muddy, na Spann akauimba palepale. Fomu ya telegramu! Watu hubeba shajara za ngozi miaka mingi wasiandike kitu cha namna hiyo.

Hebu lipangeni jambo hili kama mkanda. Fremu moja: Roach kwenye jukwaa la wanaopinga. Fremu nyingine: Hughes na fomu yake kwenye jukwaa la wanaofungiwa. Kati yao, mitaa iliyojaa chupa zilizovunjika na moshi. Miezi minne baadaye, wote wawili ndani ya santuri moja New York, na Kiswahili katikati. Hayo hayawezi kuonekana kwenye picha moja iliyozungushiwa kalamu nyekundu. Yanaonekana ukilaza vipande vyote kwenye karatasi moja.

Najua ni kwa nini mwaka 1960 unapitwa haraka. Ni wa aibu kidogo. Mwaka uliofuata tamasha liliendeshwa na watu wengine, na George Wein, mwendeshaji wenu tangu mwanzo, hakurudi mpaka 1962. Na 1971 nao unapitwa hivyohivyo: vijana waliokuwa wamepiga kambi mlimani wakavunja uzio wakafurika mpaka jukwaani, Dionne Warwick akiwa katikati ya wimbo wake wa kuiombea dunia upendo, na siku zilizobaki zikafutwa. Mwaka 1972 tamasha likahamia New York, likawa la kumbi kubwa kama Carnegie Hall, na jazz haikurudi Newport hadi 1981, safari hii ndani ya ngome ya Fort Adams, ng'ambo kidogo ya maji. Kati ya hapo kuna miaka kumi. Uwanja mtupu wa miaka kumi nao ni picha. Nani aliupiga? Kuna mtu wa Newport aliyepita pale Julai ya 1975, akasimama, akabonyeza kamera? Kwenye albamu ya familia mtu akisafiri miaka kumi huwa hatusemi hakuwa mtoto wa nyumba hiyo.

Na kuna aibu ya zamani zaidi, ya mwanzo kabisa. Elaine na Louis Lorillard, mke na mume matajiri wa Newport, walipomwita Wein, kijana mwenye klabu ya jazz Boston, na Louis akatoa dola 20,000 ya kuanzia, mji wenyewe ulikuwa wa majumba ya matajiri na viwanja vya tenisi. Tamasha la kwanza lilifanyika kwenye nyasi za klabu ya tenisi ya Newport Casino. Mlango wa jukwaa ulikuwa wazi kwa wanamuziki Weusi, lakini milango mingi ya vyumba vya kulala ilikuwa imefungwa kwao. Picha za jukwaani za 1954 ni za kupendeza: mpiga saksafoni Lester Young alipanda bila kutarajiwa kumsindikiza Billie Holiday, baada ya muda mrefu ambao watu hawakuwaona pamoja. Wakishuka jukwaani usiku ule, walikwenda kulala wapi? Nani aliwapikia? Kuna nyumba fulani za Newport ambazo majina yao yanapaswa kuandikwa kwenye historia hii kwa herufi sawa na za majumba ya matajiri. Kama kuna fremu hata moja ya ukumbi wa nyumba kama hiyo, masanduku mlangoni, watu wakinywa chai na koti za jukwaani zimetundikwa ukutani, hiyo kwangu ina thamani kuliko Holiday wa kumi na tatu.

Mfano wa jinsi inavyowezekana upo, na haukutoka kwa mwandishi wala kwa mtunza makumbusho. Ulitoka kwa mpiga besi. Milt Hinton alipewa kamera mwaka 1935, na mpaka anafariki mwaka 2000 alikuwa amepiga picha karibu 60,000. Kwa sababu alikuwa mmoja wao, hawakujipanga mbele yake. Aliwapiga wakiwa wamelala kwenye treni, wakinyoana ndevu, wakisimama chini ya mabango ya vituo vya Kusini yaliyosema huku Weupe, huku Weusi. Ukizitazama unaelewa kwamba jukwaa lilikuwa saa moja tu ya siku yao. Naye Ted Williams wa Chicago, mpiga picha Mweusi, alikuwa Newport mwaka uleule wa 1958 na Stern. Wekeni kazi za Stern na Williams ukuta kwa ukuta muone tofauti ya mtu aliyekuja kutazama sherehe na mtu aliyekuja kwa ndugu zake.

Mtanijibu kuhusu hakimiliki. Ni jibu halali. Picha nyingi si zenu. Ni za wapiga picha, na wengi wameshafariki, na warithi wao wana haki ya kula kutokana na jasho la wazee wao. Sikuombeni mziibe. Karatasi ya mkanda mzima si picha ya kutundika; picha zake ni ndogo kama kucha, huwezi kuichapa fulana. Lipieni ruhusa ya kuionyesha hivyo, jina la mpiga picha likiwa juu, na anayetaka kubwa akanunue kwa mwenyewe. Wenzenu wa Montreux, Uswisi, walioanza miaka 13 baada yenu, walizitunza rekodi zao za sauti na video kwa nidhamu mpaka UNESCO ikaziingiza mwaka 2013 kwenye orodha yake ya kumbukumbu za dunia. Hawakuwa na Ellington wa 1956. Walikuwa na mtu aliyekataa kufuta mikanda.

Halafu kuna suala la muda, na hapa naongea kama fundi. Filamu za asetati zinaoza. Zinaanza kutoa harufu ya siki. Ukifungua kopo ukaisikia, ujue imeshaanza na haitarudi nyuma, na harufu hiyo huchochea makopo ya jirani. Mkanda hujikunja, tabaka la picha huachana na plastiki yake kama ngozi ya maziwa. Unaweza kuchelewesha kwa baridi, huwezi kuponya. Na hapo sijataja maji. Herman Leonard, aliyewapiga wanamuziki wa jazz kuliko karibu mtu yeyote wa enzi yake, alipoteza picha zilizochapwa zipatazo 8,000 nyumbani kwake New Orleans katika kimbunga Katrina mwaka 2005. Kilichomwokoa ni kwamba hasi zake, yaani filamu zenyewe, zilikuwa zimehamishwa mapema kwenye chumba salama cha makumbusho. Bahasha zenu ngapi ziko juu ya dari ya nyumba ya mtu, kwenye joto la Julai?

Majina yanaoza haraka kuliko filamu. George Wein alifariki Septemba 2021, akiwa na miaka 95. Hakuna mtu aliyejua sura nyingi za nyuma ya jukwaa lenu kama yeye: fundi wa maiki, dereva, mwenye kubeba besi, kijana wa kukodishwa aliyepanga viti. Hilo kabati limefungwa. Lakini wapo waliobaki, wenye miaka themanini na tisini, waliokuwa watoto wa Newport mwaka 1956, waliouza vinywaji getini, waliopanda mti kusikiliza bure. Wawekeeni karatasi mezani na kioo na chai. Msiwaulize habari za Ellington, maana hizo wameshazisoma mahali. Waelekezeeni kidole kwenye kona ya fremu ya 22 mwulize, huyu ni nani?

Nami ombi langu binafsi mnalijua. Nataka kumwona Jo Jones mara mbili. Pembeni ya jukwaa la 1956 na gazeti lake, na kwenye nyasi za Cliff Walk Manor 1960. Kama zipo, ziko kwenye zile 35. Sihitaji zikuzwe, nina kioo changu.

Wenu,
msafisha picha mstaafu